Kabla ya kupeleka kadi, mjue unayemwendea

Ilikuwa yapata saa tisa alasiri, Jumapili, na jua la Baba Dogo lilikuwa likichoma mabati kana kwamba linawadai wapangaji kodi. Ndani ya chumba kimoja karibu na Kariadudu, watu saba walikuwa wameketi kuizunguka meza yenye birika la chai, mkate uliokatwa, rundo la kadi za mwaliko zilizotoka kuchapishwa, na daftari la kurasa 96. Hakuna aliyezigusa kadi. Macho ya wote yalikuwa kwenye daftari.

Msichana wa ploti hiyo amepata nafasi katika chuo kikuu cha umma. Baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Baba Dogo hadi alipopunguzwa pamoja na wenzake. Mama yake huuza sukumawiki na omena. Mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali iliyoundwa mwaka wa 1995, utalipa sehemu ya gharama. Sehemu iliyobaki ndiyo iliyowakutanisha watu hao saba, nao wamejipa wiki tano.

Mwenye daftari ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mtaani kila mtu humwita Mwalimu tu, nami nitamwita hivyo hivyo. Kijana mmoja wa kamati alipopendekeza kwamba kila mtu achukue kadi ishirini akazigawe, kisha wakutane siku ya harambee, Mwalimu alivua miwani akamtazama.

"Mwanangu, kadi si tangazo la mganga," alimwambia kwa upole. "Huwezi kuibandika kwenye kila mlingoti."

Kisha akafungua daftari. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula. Kwanza jina. Kando yake, kazi anayoifanya mtu huyo. Halafu nani anayemjua vizuri. Halafu alitoa nini mara ya mwisho, na kwa ajili ya mtoto wa nani. Safu ya mwisho, ambayo ndiyo pana kuliko zote, imeandikwa juu yake kwa wino mwekundu: "Sisi tulisimama naye lini?"

Kwa muda wa saa mbili kamati ilijadili majina, si pesa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Glucola alisogezwa mbele kwa wiki mbili, kwa kuwa amemzika mama yake juzi na bado ana deni la jeneza. Fundi mmoja wa magari, ambaye wote walidhani hana kitu, aliwekwa karibu na juu kabisa, kwani Mwalimu anakumbuka kwamba yeye mwenyewe aliacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo na tangu hapo hajawahi kumrudisha mtoto wa shule mikono mitupu. Mwenye nyumba atapelekewa kadi na mzee wanayeimba naye kwaya, si na mama wa msichana, maana mama huyo ana malimbikizo ya kodi ya miezi miwili na mkutano wao ungeanza kwa jambo jingine kabisa.

Na mheshimiwa je? Vijana walitaka awe mgeni wa heshima. Mwalimu alicheka. Alisema mheshimiwa hupata kadi nyingi kila wikendi, atamtuma mwakilishi atakayefika saa kumi na mbili jioni na bahasha nyembamba na hotuba nene. Aliandikwa mwisho. Isitoshe, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 ilimkataza mtumishi wa umma kuigeuza ofisi yake kuwa mahali pa kuchangishia harambee, kwa hivyo zile siku za kadi kusambazwa katika korido za serikali, na karani kuchanga kwa kumwogopa bosi wake, zilitakiwa ziwe zimekwisha.

Msomaji huenda akashangaa kusikia kwamba kazi hii ya Mwalimu ina ofisi, mishahara na vyama vyake vya kitaaluma. Vyuo vikuu vya Marekani, na siku hizi vya Uingereza pia, huajiri watu ambao kazi yao si kuomba pesa bali kuchunguza nani aombwe. Hawa huketi nyuma ya pazia. Hawaonekani kwenye picha ya hundi kubwa ya karatasi. Wao husoma ripoti za makampuni, kumbukumbu za mashamba na nyumba, habari za biashara magazetini, na orodha za wahitimu wa zamani, kisha humwandikia mkuu wa chuo kurasa mbili tatu kuhusu mtu mmoja: ana uwezo gani, ana uhusiano gani na chuo, amewahi kutoa wapi, na nani amfikie.

Sababu ya gharama hiyo ni rahisi. Katika michango mikubwa ya vyuo, sehemu kubwa kabisa ya fedha hutoka kwa watu wachache mno. Maelfu hutoa kidogo kidogo, na wachache wanaohesabika kwa vidole hubeba mzigo. Basi chuo kikimkosa mmoja kati ya hao wachache, au kikimwendea vibaya, hasara yake haifidiwi na barua elfu kumi. Na hata wakishampata, hawamwombi siku hiyo. Humwalika kwenye mhadhara, humwonyesha maabara, humkutanisha na wanafunzi, wakaandika kila hatua kwenye faili. Mwaka unaweza kupita, hata miwili, kabla ya ombi lenyewe kutamkwa. Nilipomweleza Mwalimu habari hizi, aliuliza swali moja tu: "Na hao nao huenda mazishini?"

Swali hilo lilinichekesha, lakini lina uzito. Hapa kwetu mtafiti wa wahisani ana kitabu ambacho Harvard haina, nacho ni kurasa za tanzia. Tazama tangazo la kifo katika gazeti lolote la Nairobi. Utakuta marehemu alikuwa ndugu wa daktari fulani, mkwe wa mkurugenzi fulani, shangazi wa wakili aliye ng'ambo. Ukoo mzima umepangwa kwa mstari, na vyeo vyao na mahali wanapofanya kazi, bure, kwa bei ya gazeti. Ongeza ripoti za kila mwaka za makampuni yaliyoandikishwa katika Soko la Hisa la Nairobi, ambazo hutaja wenye hisa wakubwa kumi, na umepata mwanzo mzuri bila kumpeleleza mtu.

Lakini makaratasi peke yake hudanganya. Kijana yule wa kamati alisema kwamba kuna shule ya biashara yenye jina la Chandaria katika chuo kikuu cha USIU, huko Barabara ya Thika, na hapa Barabara ya Baba Dogo pana kiwanda cha Chandaria Industries kinachotengeneza karatasi za shashi, basi kwa nini tusimwendee jirani yetu anayependa vyuo? Aliyesoma vizuri angemkatiza. Shule ile ya USIU ina jina la Dkt Manu Chandaria wa kundi la Comcraft, watu wa mabati na alumini. Kiwanda cha hapa ni kampuni nyingine. Jina ni moja, mifuko ni miwili. Huenda hawa wa hapa pia ni wakarimu, lakini ukibisha hodi na kuwashukuru kwa jengo ambalo si wao waliolijenga, umeshajifungia mlango.

Tukizungumzia ustadi wa kumsoma mhisani, Eastlands haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kabla Baba Dogo haijawa na msongamano huu, mtaani Ziwani aliishi Tom Mboya, aliyeanza kazi mjini kama mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji. Mwaka wa 1959 Kenya, koloni bado, ilikuwa na vijana waliofaulu mitihani lakini nafasi za chuo zilikuwa haba mno. Mboya, aliyekuwa na umri wa miaka 28, alisafiri Marekani mwezi wa Aprili na kuzunguka kwa wiki kadhaa, akihutubia vyuoni, makanisani na katika vyama vya wafanyakazi. Vyuo vikampa nafasi za bure. Tatizo likabaki nauli ya ndege.

Hapo ndipo unapouona ustadi wake. Pamoja na rafiki yake William X. Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege, aliunda shirika la African-American Students Foundation. Barua ya kuwaomba Wamarekani wachange haikutiwa saini na Mboya peke yake, maana nani huko alimjua? Ilibeba majina ya Jackie Robinson, bingwa wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Mwalimu angesema: kadi imepelekwa na anayejulikana nyumbani mwa anayeombwa. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata walikuwa wengi zaidi, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imekataa kulipia. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikwenda Hyannis Port, nyumbani kwa John F. Kennedy kando ya bahari. Hebu tumtazame Kennedy kwa macho ya daftari la Mwalimu. Uwezo: familia yake ilikuwa tajiri na ilikuwa na wakfu wake. Uhusiano: katika Seneti aliongoza kamati ndogo ya mambo ya Afrika, na alikuwa ameshakutana na Mboya. Wakati: mwezi huo huo chama chake kilikuwa kimemteua kugombea urais, na kura za Wamarekani weusi zilikuwa zikitafutwa na kila upande. Wakfu wa Kennedy ulitoa dola 100,000.

Jambo ninalolipenda katika kisa hiki ni kwamba wakfu huo ulijulikana hasa kwa kusaidia watu wenye ulemavu wa akili. Mtafiti wa makaratasi angesoma orodha ya misaada yake ya nyuma, asione Afrika popote, akamfuta. Mboya alimtazama mtu, si orodha. Na habari zilipovuja, upande wa Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy, uliishinikiza serikali nayo ikaahidi dola 100,000. Ghafla wahisani wawili waligombania nauli ya watoto wa Kenya! Shirika likabaki na Kennedy, na mzozo ukafika hadi Seneti. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, aliyekwenda chuoni Kansas na ambaye mwaka wa 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Kufikia 1963, karibu wanafunzi 800 walikuwa wamevuka.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba wanafunzi hao hawakwenda kwa dola za Hyannis Port peke yake. Nyumbani watu waliuza mbuzi, wakaandaa karamu za chai na ngoma ili mtoto apate koti la baridi na pesa za mfukoni. Majina ya waliouza mbuzi hayamo katika vitabu.

Hata Chuo Kikuu cha Nairobi kina damu ya mchango ndani yake. Gandhi alipouawa mwaka wa 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walianza kuchanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka. Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikipanga chuo chake cha ufundi. Badala ya kushindana, mwaka wa 1954 chama chao cha Gandhi Memorial Academy kilikubali kuunganisha nguvu na Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1956 na hatimaye ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970. Wachangaji walitaka jina la Gandhi likumbukwe pale, na lingali linakumbukwa. Mhisani mkubwa mara nyingi huja na sharti mkononi, na mtafiti hodari hulijua sharti hilo kabla halijatamkwa.

Kuna upande wa giza pia, na hapo vyuo vyetu vinavyoanza kufungua ofisi za kutafuta wahisani vingefaa kusoma mapema. Mwaka wa 2009 chuo cha London School of Economics kilikubali ahadi ya pauni milioni 1.5 kutoka wakfu wa Saif al-Islam Gaddafi, mwana wa kiongozi wa Libya, ambaye alikuwa ametoka kupata shahada ya uzamifu chuoni humo. Pauni 300,000 zilikuwa zimeshapokelewa. Libya ilipowaka moto mwaka wa 2011, mkurugenzi wa chuo, Howard Davies, alijiuzulu mwezi wa Machi, na uchunguzi wa Lord Woolf ukaonyesha jinsi swali la pesa hizo zimetoka wapi lilivyoulizwa kwa uvivu. Sisi tuliokulia miaka ya magunia ya noti katika harambee za kisiasa hatuna haki ya kuwacheka. Nani aliuliza?

Upande wa pili ni kumchunguza mtu kupita kiasi. Desemba 2016 msimamizi wa habari za kibinafsi nchini Uingereza alilitoza faini ya pauni 25,000 shirika la wanyama la RSPCA, na pauni 18,000 shirika la British Heart Foundation, kwa kuwa yaliwapa watu wa nje majina ya wachangaji wao ili wapimwe utajiri bila wenyewe kujua. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka wa 2019. Ofisi ya chuo inayoweka kwenye kompyuta habari za watu, mali yao na watoto wao, inapaswa kuwa na sababu halali ya kuziweka, na mwenyewe ana haki ya kuuliza zimeandikwa nini. Daftari la Mwalimu hukaa chini ya Biblia kabatini, na ufunguo ameuvaa shingoni. Kuna mambo ambayo hakuyaandika kabisa. Kijana mmoja alipotaja kwamba mfanyabiashara fulani ana mke wa pili huko Lucky Summer na "anaweza kubanwa", Mwalimu alifunga daftari. Chumba kilinyamaza mpaka yule kijana akaomba radhi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonipeleka kwenye chumba kile, maana sikualikwa kama mwandishi.

Mwaka wa 2009 mimi mwenyewe nilichangiwa karo ya chuo cha uandishi wa habari katika mtaa huu huu, ndani ya shule moja ya chekechea, tukiwa tumekalia viti vya watoto magoti yakigusa kidevu. Wengi walitoa shilingi 50, shilingi 100. Watu watano walitoa zaidi ya nusu ya kitita chote, na wa kwanza kati ya hao watano alikuwa muuzaji wa vipuri vya malori aliyetoa shilingi 10,000, kisha akaondoka bila kutaka kuhutubia. Nilisoma, nikapata diploma, nikapata kazi, nikahamia mtaa mwingine. Kwake sikurudi. Nilijiambia kila mwaka kwamba nitapita.

Mdogo wangu wa kike alipohitaji kuchangiwa baadaye, tulimpelekea mzee yule kadi. Ilirudi ikiwa na shilingi 200 na swali moja: "Yule wa kwanza alimaliza?"

Wataalamu wa vyuo wana msemo kwamba kazi huanza siku hundi inapowekwa benki. Wao humwandikia mhisani barua upesi, humtumia taarifa ya mwanafunzi wake, humwalika kwenye mahafali. Wanajua kwamba aliyetoa mara moja ndiye wa kwanza kutoa tena, na kwamba aliyepuuzwa hasemi, anafunga tu. Sisi katika harambee zetu tumekuwa hodari wa kadi na paybill, tuna makundi ya simu yanayosoma majina na kiasi papo hapo, lakini ukiuliza mtoto yuko mwaka wa ngapi sasa, kundi limeshafutwa. Ndiyo maana safu ya mwisho ya Mwalimu ni pana.

Ukurasa wa 31 wa daftari lake una jina la mzee wa vipuri. Kwenye safu ya nani anamjua vizuri, pameandikwa jina langu. Kwenye safu pana, kwa wino mwekundu, pameandikwa neno moja: "Hakuambiwa."

"Kadi hii ni yako," Mwalimu aliniambia. "Lakini usianze na kadi."

Nilikwenda Jumanne asubuhi, nikiwa na nakala ya diploma yangu ndani ya bahasha ya kaki na magazeti matatu yenye makala yangu. Duka ni lile lile, ila mzee amepungua mwili na kijana wake ndiye anayepanda ngazi kutoa fan-belti. Nilijitambulisha. Hakunikumbuka sura. Nilipotaja shule ya chekechea, alinyoosha mkono akapokea bahasha, akaitoa ile karatasi, akaisoma yote, pamoja na tarehe na saini za chini.

"Kumbe ulimaliza," alisema.

"Nilimaliza, mzee. Nisamehe sikuja."

Alifungua gazeti la kwanza, akatafuta jina langu kwa kidole mpaka akalipata, akamwita kijana wake ashuke aone. Wakalitazama pamoja. Kadi ilikuwa bado mfukoni mwangu, nami nilikuwa nimeamua kuondoka nayo, nirudi siku nyingine.

Nilipokuwa nikiaga, aliuliza bila kuinua macho kutoka gazetini: "Na huyu msichana wa Kariadudu ninayemsikia, harambee yake ni lini?"